Hitilafu ya Mitambo

Nilimuua Adamu Matonya siku ya Jumanne, saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi, na kabla ya saa tatu nilikuwa nimeshamsingizia mtu mwingine. Sasa nalisema bila kumung'unya maneno, lakini ilinichukua wiki nne kufika hapa, na katika wiki hizo nne nusura nimpoteze mtu ambaye bila yeye redio yetu ni kelele tu.

Jina langu ni Hilda. Kama unaishi Dodoma na una redio jikoni, au unapanda bajaji ambayo dereva wake hapendi ukimya, huenda sauti yangu unaijua. Kituo chetu ni kidogo, kipo Nkuhungu, ghorofani juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na kila gari la saruji likishusha mzigo pale chini vumbi hutupandia mpaka studio. Mimi ni mkuu wa vipindi. Asubuhi nasoma matangazo, na kila Jumatano saa nne naendesha kipindi kiitwacho Kazini na Nyumbani, ambamo wataalamu wa saikolojia, uongozi na mambo ya jamii huja kutueleza kwa nini tunachukiana maofisini. Nimekiendesha miaka sita. Dalili za bosi mbaya naweza kukutajia nikiwa usingizini, na maneno kama kujitambua, kusikiliza kwa makini na akili hisia yananitoka mdomoni kama salamu. Nilidhani kuyajua kunatosha.

Fundi mitambo wetu ni Mzee Bartolomayo, mtu wa Mkonze, Mgogo mwenzangu, umri wake miaka hamsini na saba. Kwa miaka kumi na tisa amekaa nyuma ya kioo akipandisha na kushusha sauti zetu. Nilipoajiriwa, msichana mwenye maneno mengi na pumzi fupi, yeye ndiye aliyenionyesha nikae umbali gani na kipaza sauti ili nisisikike kama ninayekimbizwa. Sauti yake mwenyewe haijawahi kusikika hewani hata mara moja. Ana kaunta buku lenye jalada gumu, na humo huandika kila kinachoharibika: saa, kifaa, sababu, na alivyokitengeneza. Mambo yakienda vizuri huandika neno moja tu, "safi".

Sasa, kila msikilizaji wa redio nchi hii analijua lile sikitiko letu la kila siku: tunaomba radhi kwa hitilafu ya mitambo. Mgeni akichelewa, ni mitambo. Mtangazaji akipaliwa na maji, ni mitambo. Niliwahi kusahau jina la mgeni aliyekaa mbele yangu, tukapiga muziki, tukarudi tukasema mitambo. Tunalisema kwa wepesi kwa sababu mtambo hauna mdomo wa kujibu, na hatukumbuki kwamba una mtu.

Tangazo lenyewe lilikuwa la kawaida kabisa. Ndugu Adamu Matonya wa Mkonze anasikitika kutangaza kifo cha mama yake mkubwa, Bibi Loisi, kilichotokea jana jioni. Habari ziwafikie ndugu na jamaa wote wa Ihumwa, Kondoa na Manyoni. Mazishi ni leo saa tisa alasiri. Bartolomayo aliniwekea karatasi mezani na jina la marehemu amelipigia mstari mwekundu, kama afanyavyo siku zote. Sikuipitia. Nilikuwa nakunywa chai. Muda ulipofika nikaweka kikombe chini, nikashika karatasi, jicho likadaka jina la kwanza, na nikasikitika kwa sauti yangu nzuri ya msiba kutangaza kifo cha Ndugu Adamu Matonya wa Mkonze. Nyuma ya kioo Bartolomayo alianza kupunga mikono yote miwili. Nikadhani ananiambia muda umeisha, nikasoma haraka zaidi.

Dada yake Adamu alisikia akiwa Ihumwa. Alipanda bodaboda akilia njia nzima, akafika Mkonze, akamkuta marehemu amepanda juu ya kiti anafunga kamba ya turubai. Alimpiga kofi kwanza, ndipo akamkumbatia. Watu wa Manyoni nao walikuwa wameshapanda basi wakiamini wanakwenda kuzika kijana, na mzee mmoja njiani alizidiwa na presha, akashushwa zahanati. Bibi wa watu, Loisi, aliyekuwa marehemu wa kweli, mchana kutwa hakuna aliyemkumbuka. Hilo ndilo lililoniuma baadaye kuliko mengine.

Simu zilianza kuingia kituoni. Meneja alinipigia akisema nirekebishe mara moja. Saa tatu kasoro nikafungua kipaza sauti, nikasema kwamba kutokana na hitilafu ya mitambo, tangazo la msiba wa Mkonze lilisomeka visivyo. Lilisomeka. Kana kwamba lilijisoma lenyewe, na mimi nikiwa nimepita tu pale.

Hapo ningeweza bado kujirudi. Badala yake niliingia chumba cha mitambo, nikamwomba Bartolomayo aliandike lile jambo kwenye kaunta buku, wakaguzi wasije wakauliza tukakosa maelezo. Alikuwa ameshika kalamu.

"Niandike mtambo gani?" akauliza.

Nikamwambia wowote, aandike tu. Akafunga daftari taratibu, akaweka kalamu juu yake, akageuka kushughulika na waya. Baadaye, alipokwenda kula, nilichungulia. Siku ile alikuwa ameandika "safi".

Alhamisi yake akaniletea barua ya kuacha kazi. Notisi ya mwezi mmoja, sababu binafsi. Aliiweka mbele yangu kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane akaniita mkuu. Awali aliniita mwanangu, hata baada ya mimi kupanda cheo nikawa ndiye ninayemsainia likizo zake.

Wiki zile nilijitahidi, usinielewe vibaya. Nilimwambia pole kila nilipopata nafasi. Pole na kazi, Mzee. Pole na yaliyotokea. Pole kwa maneno ya watu. Nilisikia kwamba Mkonze watoto walimpachika jina la Bwana Hitilafu, na kwamba kanisani kwao, anakosimamia kwaya, mtu fulani alimwomba mbele ya wenzake asije akamzika kabla ya wakati. Nikampa pole ya hilo pia. Nilimnunulia shati la kitenge. Nilipendekeza kwa meneja tufanye semina ya mawasiliano kwa wafanyakazi, nikachagua na mada. Shati alilipokea, akashukuru, sijawahi kumwona amelivaa. Meneja alisema tusijitese, siku hizi kuna kompyuta, kijana yeyote anaweza kufanya kazi ile. Nilijua si kweli. Nilijua pia dawa ni maneno gani, maana nilikuwa nimeyasikia kwa wataalamu mara hamsini. Niliogopa. Sauti yangu ndiyo mtaji wangu wote, nikajiambia kwamba nikikiri nimemzika mtu kwa uzembe wa kikombe cha chai, hakuna atakayeniamini tena nikisoma hata bei ya vitunguu.

Notisi yake ilikuwa inaisha Ijumaa. Jumatano ya wiki hiyo hiyo nilikuwa na kipindi, na mada ilikuwa kiongozi na kosa. Usiniulize nani aliipanga. Niliipanga mimi miezi miwili kabla, nikiwa na dhamiri safi.

Mgeni alikuwa Daktari Zaitun, mwanasaikolojia wa mambo ya kazi anayefundisha chuo kikuu hapa mjini, Mrangi wa Kondoa, mwanamke mdogo wa umbo anayeongea polepole kama anayechambua mchele. Habari zetu za ndani hakuzijua. Aliingia dakika nne kabla ya muda, akihema kwa kupanda ngazi, akasema samahani, barabara imenichelewesha. Nilikuwa natafuta kicheko cha kufungulia kipindi, kwa hiyo tulipokuwa hewani nikamtania: ni barabara iliyochelewa, Daktari, au ni wewe?

Alicheka kweli, akasema nimemkamata, ni yeye, alikaa mno kwenye simu. Kisha akasema tumeshaingia kwenye mada bila kubisha hodi. Akauliza wasikilizaji: mtoto akiangusha kikombe kikapasuka, akija kwa mama yake anasema nini? Anasema kikombe kimevunjika. Na mama anajibuje? Anauliza, kimejivunja? Mama anamsubiri mtoto mpaka aseme nimekivunja. Hampigi, anamsubiri tu. Shida, alisema Daktari Zaitun, ni kwamba tunakua, tunapewa ofisi na kiti cha kuzunguka, na mama hayupo tena mlangoni wa kutuuliza.

Nilicheka pamoja naye, lakini kicheko kilianza kunikauka.

Akaeleza kwamba kwa miaka kadhaa amekuwa akikusanya barua za kuomba radhi kutoka maofisini, za wakubwa kwa wadogo na za wadogo kwa wakubwa. Anazo sitini na mbili. Ndani yake mna maneno kama kumetokea, imebainika, palijitokeza changamoto, taarifa ilipotea, faili halikuonekana. Zenye neno nilikosea ni mbili, na moja kati ya hizo iliandikwa na mlinzi wa getini. Nikamuuliza, kwa ajili ya wasikilizaji, kuna ubaya gani ikiwa radhi imeshaombwa. Ndilo swali ninalowauliza wataalamu wote ili wapate pa kuanzia.

"Ubaya ni kwamba kosa halikai bila mwenyewe," akasema. "Kiongozi akilikana, linashuka ngazi linatafuta mtu. Na kawaida linamkuta yule asiye na mahali pa kusemea."

Sikuthubutu kutazama kioo. Nikatazama karatasi yangu ya maswali, nikaona herufi lakini hazikuwa na maana yoyote.

Yeye, kwa utulivu ule ule, akasema ana zoezi dogo analowapa viongozi wote anaozungumza nao, na kwa kuwa mimi nami ni kiongozi hapa, si vibaya nikiwa mfano. "Hilda, mara ya mwisho kusema nimekosea, mbele ya watu unaowaongoza, ilikuwa lini?"

Kwenye redio ukimya una uzito wake. Sekunde moja watu wanasubiri, ya pili wanatazama redio, ya tatu wanafikiri betri imekwisha. Niliinua macho. Bartolomayo alikuwa ameshaweka kidole juu ya kitufe cha kibwagizo cha kipindi. Angeweza kukibonyeza, muziki ukaingia, tukaenda kwenye matangazo ya biashara, na nikirudi ningekuwa na jibu zuri. Alinyanyua nyusi kuniuliza kama anisaidie. Mtu niliyemfanyia vile, siku mbili kabla hajaondoka, alikuwa tayari kuniokoa.

Nikatikisa kichwa, kwamba hapana. Akaondoa kidole.

"Wiki nne zilizopita," nikasema, na sauti yangu niliisikia nyembamba kama ya siku yangu ya kwanza kazini, "nikiwa nimekaa hapa, nilitangaza kifo cha Ndugu Adamu Matonya wa Mkonze, ambaye yuko hai. Kisha nikawaambia ni hitilafu ya mitambo. Nilidanganya. Karatasi ilikuwa sahihi na mitambo ilikuwa mizima. Nilikosea mimi, kwa sababu sikuisoma kabla. Mtu wa mitambo ana jina, anaitwa Bartolomayo Chidawali. Nilimbebesha kosa langu mbele yenu nyote, na nikamtaka aliandike kama lake. Mzee Bartolomayo, nimekukosea. Naomba unisamehe. Na ukoo wa Bibi Loisi nao naomba mnisamehe, niliwaharibia msiba wenu."

Nilitaka kuongeza maneno. Mtu wa redio hamalizi, huongeza. Daktari Zaitun akanigusa mkono juu ya meza, nikanyamaza.

Taa za simu ziliwaka zote kwa pamoja. Bartolomayo ndiye anayepokea, anamuuliza mpigaji jina na anakotoka, kisha anamleta hewani. Nilimwona akisikiliza mmoja, akimuuliza jina, akisikiliza tena. Angeweza kumkata, maana alishajua ni nani na ana hasira gani. Akamleta.

"Mimi ndiye marehemu," sauti ikasema, na Daktari Zaitun akashika mdomo.

Adamu Matonya alisema amesikia, na yupo shambani, amesimama. Alisema siku ile ya msiba, baada ya kuzika, alikwenda nyumbani kwa Bartolomayo, maana Mkonze kila mtu anajua nani ni mtu wa mitambo. Alimkaripia mlangoni, mbele ya mkewe na majirani, akamwita mzembe asiye na huruma. Yule mzee alisimama akasikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia pole kwa kufiwa, akamkaribisha ndani. Adamu alikataa kuingia.

"Hakukutaja, dada," akasema. "Hata mara moja. Naomba umwambie, maana najua ananisikia, kwamba jioni nitapita kwake, na safari hii akinikaribisha nitaingia."

Nililia. Nasema hivyo bila aibu, nililia hewani, na kwa bahati Daktari Zaitun akashika kipindi kama aliyezaliwa studio, akaongea na wasikilizaji dakika kumi nzima, akapokea simu ya karani aliyewahi kupoteza faili na ya mwalimu mkuu aliyemfukuza mwanafunzi asiye na kosa. Watu walikuwa wanakiri kama vile geti limefunguliwa. Tulipitiliza muda, jambo ambalo meneja alinikumbusha kwenye barua ya onyo aliyoniandikia siku iliyofuata, pamoja na hilo la kuchafua jina la kituo. Barua hiyo ninayo. Nimeisaini bila ubishi.

Mgeni alipoondoka niliingia chumba cha mitambo. Bartolomayo alikuwa anakunja waya mrefu, kiwiko mpaka kiganja, kiwiko mpaka kiganja. Nikakaa kwenye kigoda. Nikamwambia sikuja kumwomba aifute barua yake. Nilichosema hakikuwa cha kumzuia, kilikuwa deni la haki yake tu, na Ijumaa akitaka kuondoka nitamsindikiza mpaka chini. Nilikuwa namaanisha, ingawa sikutaka aondoke.

Aliendelea kukunja. Nikamuuliza kwa nini hakunitaja kwa Adamu. Akasema alisubiri nijitaje mwenyewe, na kwamba kusubiri kule ndiko kulikomchosha, si utani wa kanisani wala wa watoto. Kila siku alipoingia kazini alifikiri labda ni leo. Siku zikawa nyingi, akaona bora akasubirie nyumbani.

Akaning'iniza waya ukutani. Akakaa mkabala nami, magoti yetu yakikaribia kugusana, maana chumba kile ni kidogo.

"Miaka kumi na tisa," akasema, "mambo yakienda vizuri mnawashukuru wasikilizaji. Yakiharibika ndiyo mnanikumbuka, tena hamsemi jina. Mimi sitaki sifa. Nikikosea, sema Bartolomayo amekosea. Nikifanya vizuri, sema vilevile. Ukiliweza hilo, nitamwambia meneja barua yangu isubiri kidogo."

Nikamuuliza kidogo ni mpaka lini. Akasema mpaka atakapoona.

Ijumaa alikuja kama kawaida, akaondoka jioni kama kawaida, na sikuthubutu kumuuliza kitu. Jumatatu asubuhi nilipofika alikuwa ameshawasha mitambo yote, na karatasi za matangazo ziko mezani kwangu. Nilizisoma zote, mara mbili, kwa sauti, kabla chai haijamiminwa. Alinitazama kupitia kioo kama mwalimu anayesimamia mtihani.

Jumatano iliyofuata, kipindi kilipofika mwisho, niliwaaga wasikilizaji, nikamshukuru mgeni, kisha nikasema kwamba aliyewafikishia sauti hizi kwa saa nzima bila mkwaruzo ni Bartolomayo Chidawali. Nyuma ya kioo nikamwona anainama chini ya meza kama anayetafuta waya uliochomoka. Alikaa huko chini. Saa tano kamili ikafika, taarifa ya habari haikuanza, na ukimya ukaingia hewani, sekunde moja, mbili, tatu, nne. Alipoinuka macho yake yalikuwa mekundu, na mkono wake ulikuwa unapapasa vitufe.

Nikafungua tena kipaza sauti. Nikawaambia wasikilizaji kwamba Bartolomayo amechelewa kuleta habari, kosa ni lake, na tumvumilie, anakuja nazo sasa hivi. Kabla hajazileta alinitazama, akaegemea kiti, akacheka kwa mwili mzima, na mimi upande wangu wa kioo sikusikia chochote, niliona tu mabega yake yakitikisika.